Kinga bila freni si kinga
Namna ya kuchagua na kutunza kinga ya kazi, kwa wenye kubeba samaki wa Vitshumbi na kwa kila nyumba yenye kinga



Kwenye mugodi kila dereva anajua sheria hii: mbele ya kupakia, pima freni. Kamyo haiulizwi kwanza kama inaweza kubeba tani ngapi. Inaulizwa hivi: ikijaa, ikiwa kwenye muteremuko, itasimama? Dereva asiyepima freni asubuhi, mukubwa wa kazi hamuachi atoke.

Lakini tazama mutu huyohuyo jioni, kisha kuvua kofia ya kazi. Anapanda juu ya kinga yenye freni moja ya nyuma, na hiyo moja imekwisha. Amefunga magunia mawili. Anashuka mulima, na kitu anachotumainia ni kandambili yake, anayoikaza juu ya mupira wa gurudumu. Kwa nini mashini ya Kampuni ipate heshima, na mashini ya nyumba yetu ikose?

Huku kwetu baiskeli tunaiita kinga. Neno hilohilo ni jina la kitu chenye kumuzuilia mutu hatari. Leo tunasema juu ya kinga ya kazi: namna ya kuichagua, namna ya kuitunza. Neno letu kubwa ni moja, nanyi mutalikuta katika kila sehemu ya ukurasa huu: muzigo unapimwa kwa freni, haupimwi kwa nguvu ya miguu. (Freni ndizo wenzetu wa Uganda na Tanzania wanaziita breki.)

NJIA YA SAMAKI

Tunachukua mufano wa Vitshumbi, kwa sababu pale hatari inaonekana wazi. Vitshumbi iko kandokando ya Ziwa Edward, upande wa kusini, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma, ni moja ya vituo vitatu vya uvuvi vyenye ruhusa upande wa Kongo wa ziwa hilo. Tilapia na bagrus wanatoka pale wakiwa wabichi, wa chumvi ao wa kukaushwa kwa moshi, na wanafika mpaka kwenye sahani zetu. Kuna samaki wanaosafiri kwa kamyo, kuna wanaosafiri kwa pikipiki. Yule asiyekuwa na feza ya pikipiki anapakia kinga.

Ziwa liko kwenye mita zaidi ya 900 juu ya bahari. Kutoka Vitshumbi mpaka Rwindi njia inapita katika uwanda wa nyasi, wenye joto na vumbi. Kisha, ukielekea Kanyabayonga, barabara inapanda Kabasha, ule ukuta wa bonde kubwa, kona juu ya kona. Ukielekea Goma, uko na zaidi ya kilometa 100 mbele yako, na Goma iko juu, karibu na mita 1.500.

Mutu mwenye kupanda Kabasha na samaki anasukuma. Jasho linamutoka, mugongo unamuuma, lakini hakuna kitu kinachomukimbiza. Hatari inamungojea wakati wa kurudi. Vitshumbi iko ndani ya hifadhi na kulima hakuruhusiwi. Kwa hiyo unga, maharagwe na vitu vingine vya chakula vinatoka juu kushuka chini. Hapo kinga imejaa, njia inateremuka, na mwenyewe amechoka na anataka kufika mbele ya giza. Mambo haya matatu yakikutana, freni ndiyo inabaki kumutetea.

Neno moja juu ya njia yenyewe. Tangu vita vya miaka ya 1990, barabara ya Rwindi imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Ulizeni habari kwanza, muende kwa kundi, na musipite usiku. Tembo na kiboko hawasikii kengele ya kinga.

KWA NINI MUTEREMUKO UNAUA

Tufanye hesabu ndogo. Mutu ana kilo 65. Kinga ya chuma, na chuma chake cha kubebea, ina kilo 20. Pamoja ni kilo 85. Sasa tufunge nyuma muzigo wa kilo 85. Jumla imekuwa kilo 170, ndiyo kusema mara mbili. Kazi ya freni nayo imekuwa mara mbili.

Mwendo ni mubaya zaidi. Ukitoka kilometa 10 kwa saa ukafika 20, kazi ya freni haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Weka yote pamoja, uzito mara mbili na mwendo mara mbili, na kazi imekuwa mara nane. Kinga iliyokuwa inasimama kwa mita 2 ikiwa tupu, sasa inaomba mita 16. Hapo tunasema juu ya njia iliyo sawa na kavu.

Twende kwenye mulima. Kwa freni hizohizo na muzigo uleule, muteremuko wenye kushuka mita 1 kwa kila mita 10 unakula nguvu yote ya freni. Freni zinakazwa mpaka mwisho na kinga inazidi kwenda, kwa sababu nguvu zote zimekwisha kwa kuzuia uzito tu. Hakuna iliyobaki kwa kusimamisha. Mutu anafikiri freni yake imekatika. Haikukatika. Ilishindwa tangu asubuhi, wakati wa kupakia.

Mvua ikinyesha, mambo yanazidi. Janti nyingi za kinga zetu ni za chuma chenye kungaa, na janti hizo zikiloa, mupira wa freni unateleza juu yake sawa muguu juu ya tope. Siku ya mvua, mwenye muzigo ashuke chini na atembee.

KUCHAGUA KINGA

Musichague kwa rangi, wala kwa stika. Kwa kazi ya muzigo, kinga ya kale ya chuma, ya magurudumu makubwa ya inchi 28, inazidi kuwa ya kwanza. Ndiyo namna ya Raleigh ya Uingereza iliyojulikana zamani katika Afrika nzima, na ndiyo namna ambayo Phoenix ya China na Hero ya India walifuata. Faida yake kubwa ni kwamba mafundi wengi wanaijua na vipande vyake vinapatikana sokoni. Zile kinga zenye springi mbele na vyuma vingi vya kubadilisha mwendo ni nzuri kwa michezo. Ukizipakia gunia, springi inalala, na siku kipande kinavunjika, huko kijijini hakuna wa kukuuzia kingine.

Kwa kununua kinga iliyotumika, fanya hivi mbele ya kutoa feza:

1. Tazama kadre, zaidi sana pale chuma cha mbele kinaunganika na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka mustari mwembamba, ao kutu inayotoka katika mustari, ni alama ya ufa. Uma wa mbele wenye ufa usiununue, hata kwa bei ya bure. Uma ukikatika, mutu anaanguka kwa kichwa.

2. Simama nyuma ya kinga na tazama magurudumu. Gurudumu la mbele na la nyuma yawe kwenye mustari mumoja. Kama sivyo, kadre imepindika.

3. Geuza kinga juu chini, zungusha kila gurudumu. Likienda huku na huku, uliza sababu. Sikiliza: gololi zikilia sawa muchanga, zimekwisha ao zimekosa grisi.

4. Hesabu nyuzi za chuma za gurudumu. Kinga ya kale ya kazi inakuwa na 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito unakaa. Gonga moja moja kwa kidole. Zote zitoe sauti karibu sawa. Ile yenye kukaa kimya imelegea.

5. Kaza freni mbili pamoja na usukume kinga kwa nguvu. Magurudumu yasizunguke. Freni ya mbele ikikosa, hesabu bei ya kuiweka ndani ya bei ya kinga.

Wengi wanaongeza vyuma kwenye uma na kwenye kibebeo cha nyuma. Ni jambo zuri kama fundi anajua kazi ya kuchomelea. Lakini kumbuka: kila chuma unachoongeza kinaalika muzigo mukubwa zaidi, na mipira ya freni imebaki ileile. Ukikaza kadre, kaza na freni.

FRENI: ZA FIMBO AO ZA KAMBA?

Kinga za kale zina freni za fimbo za chuma. Fimbo haikatiki kwa rahisi, na koleo moja inatosha kwa kuirekebisha. Lakini inadai gurudumu la muviringo kamili: janti ikigongwa na jiwe, freni inakamata na kuachia. Freni za kamba ya chuma ni rahisi kubadilisha, lakini kamba inaoza ndani ya ganda lake bila kuonekana. Tazama pale inaingia kwenye mukono wa freni. Uzi mumoja mwembamba ukikatika, badilisha kamba nzima siku ileile. Nyuzi zinazobaki zitakatika siku ya kukaza sana, ndiyo kusema siku ya hatari.

Mipira ya freni inakwisha sawa sabuni. Usingoje chuma kiguse janti. Ukisikia mulio wa chuma juu ya chuma, umechelewa, na janti yenyewe inakatwa.

Angalia jambo hili, kwa sababu wengi hawalijui. Kikombe cha chuma chenye kushika mupira wa freni kina upande mumoja uliofungwa na upande mumoja ulio wazi. Upande uliofungwa uelekee kule gurudumu linavuta mupira. Ukiuweka kinyume, kinga ikiwa tupu hutaona kitu. Siku ya muzigo na muteremuko, gurudumu litavuta mupira na kuutupa inje, na freni yako itabaki chuma kitupu.

Tumia freni zote mbili pamoja. Kuna watu wanaoogopa freni ya mbele na wanaikata kabisa. Ni kweli kwamba kuikaza kwa ghafula kunaweza kumuangusha mutu, zaidi sana juu ya muchanga. Lakini ukiikaza polepole, ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, kwa sababu wakati wa kusimama uzito unakwenda mbele.

Kwenye muteremuko murefu, usiache kinga ichukue mwendo. Ni rahisi kuzuia mwendo mudogo kuliko kuvunja mwendo mukubwa. Simama mara kwa mara, freni zipoe, na wewe upumue.

KIPIMO CHA MUZIGO

Watu wanauliza: kinga inaweza kubeba kilo ngapi? Hatutajibu kwa hesabu ya kilo, kwa sababu kinga mbili hazifanani na milima miwili haifanani. Tunajibu kwa kipimo ambacho kila mutu anaweza kufanya bila mizani.

Kwanza funga muzigo wako wote. Kisha peleka kinga kwenye muteremuko mukali karibu na nyumba, ule wenye kufanana na njia utakayopita. Simama kando yake, kaza freni zote mbili, na usiishikilie kwa mwili. Kinga ikikaa kimya, unaweza kuondoka. Ikiteleza hata kidogo, toa sehemu ya muzigo mpaka ikae. Ile uliyotoa ndiyo ingekuangusha. Iache ingoje safari ya pili.

Hata kinga yenye kushinda kipimo hiki, usiipande na muzigo mukubwa kwenye muteremuko mukali. Tembea kando yake, upande wa mulima, si upande wa shimo. Mukiwa wawili, mumoja ashike kamba iliyofungwa nyuma. Kamba hiyo ni freni ya tatu.

Uzito ukae chini na karibu. Muzigo wenye kupanda juu unavuta kinga kulala kwenye kila kona. Weka nusu upande huu na nusu upande ule, chini ya kiti, karibu na muhimili wa gurudumu. Funga kwa kamba za kaucho zilizokatwa katika mipira ya ndani ya zamani, na kisha kufunga, tikisa. Muncha wa kaucho wenye kuning'inia unaingia katika nyuzi za gurudumu na kulisimamisha mara moja.

CHUMVI NI ADUI MUKIMYA

Samaki wa chumvi wanatoa maji. Maji hayo yanatiririka juu ya kibebeo, yanashuka juu ya janti, nyuzi na shene. Chumvi inaharakisha kutu kuliko mvua ya kawaida. Nyuzi za gurudumu zinaliwa pale zinaingia katika janti, pahali jicho halifiki, na siku moja tatu zinakatika pamoja.

Dawa ni nyepesi. Weka bashe ao plastiki nzito chini ya samaki, ikunjwe pembeni sawa sahani, maji yasishuke. Ukifika, usiseme «nitaosha kesho». Chota maji safi kwa ndoo, mwaga juu ya kinga yote, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha weka tone la mafuta kwenye shene na kwenye viungo vya freni. Kinga usiipeleke ziwani: muchanga wa ukingo unaingia katika gololi, na mwenye ziwa pale Vitshumbi ni kiboko.

Mafuta yenyewe yawe mafuta ya mashini. Mafuta ya mawese ni ya sombe, si ya shene: yanaganda, yanakamata vumbi, na shene inakuwa sawa jiwe la kunolea. Mafuta yaliyotolewa katika injini ya gari yanasaidia kidogo pasipo mengine, lakini yana unga wa chuma ndani na ni mabaya kwa ngozi. Osha mikono kwa sabuni mbele ya kushika chakula ao mutoto. Na mafuta ya namna yoyote yasifike kwenye janti ao kwenye mipira ya freni. Tone moja pale linaua freni.

Shene inachakaa kwa kurefuka. Chukua rula, pima viungo 24, kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya pini ya 25. Shene mpya inaleta milimeta karibu 305. Ikifika 308, ibadilishe, kwa maana itaanza kula meno ya gurudumu, nayo meno ni ya bei kali kuliko shene. Ikae na ulegevu wa sentimita 1 hivi katikati. Ikikazwa sana inasaga gololi. Ikilegea sana inaruka, na mutu aliyekuwa anakanyaga kwa nguvu anaanguka mbele.

MWILI WA MWENYE KUENDESHA

Magoti yanaumia kwa sababu ya kiti kilicho chini sana. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Muguu uwe umenyooka. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya muguu, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ni sawa. Viuno vikicheza huku na huku, kiti kiko juu sana. Bomba la kiti lina alama ya mwisho. Usilitoe kupita alama hiyo.

Kinga moja ya nyumba inapandwa na baba, mama na kijana. Chora alama tatu kwenye bomba la kiti, kila mutu na yake. Ni kazi ya dakika moja, nayo inaokoa magoti ya watu watatu.

Beba maji ya kunywa. Uwanda wa Rwindi una joto, na mutu aliyekaukiwa maji anachelewa kukaza freni. Pombe tusiitaje sana. Kila mutu anajua.

Kofia ya mugodi imefanywa kwa kuzuia kitu kinachoanguka toka juu. Haikufanywa kwa mutu anayeanguka mwenyewe kutoka kwenye kinga. Mwenye kuweza kupata kofia ya kinga ao ya pikipiki, avae hiyo.

MAMA NA WATOTO

Ajali nyingine za kinga hazingoji mulima. Kikwembe kinaingia katika shene, ao mutoto aliyekaa nyuma anaweka muguu kati ya nyuzi za gurudumu. Muguu wa mutoto unakatwa na kuvunjwa kwa mara moja, hata kinga ikienda polepole.

Mama anayepanda akunje kikwembe na kukifunga juu ya goti. Mama anayebebwa akae vizuri, nguo yake yote akiishika mbele. Kifuniko cha shene kisiondolewe. Kwa mutoto, funga kipande cha ndoo ya plastiki ao wavu mukazo kila upande wa gurudumu la nyuma, na weka chuma cha kukanyagia. Mutoto asiyeweza kukaa na kushika mwenyewe, asibebwe nyuma. Na kinga iliyosimama na muzigo si kiti cha kuchezea: inaanguka juu ya mutoto.

NA CHUKUDU?

Hatuwezi kusema juu ya muzigo katika Kivu ya Kaskazini bila kutaja chukudu. Kinga hiyo ya mbao, isiyo na pedali, imebeba viazi, makala na mbao za milima yetu tangu miaka ya 1970, na tangu mwaka 2009 Goma ina sanamu yake kubwa katika muzunguko wa barabara. Chukudu inabeba mamia ya kilo, lakini sheria ni ileile, tena kali zaidi. Freni yake ni kipande cha mupira chenye kukazwa kwa muguu juu ya gurudumu la nyuma. Kipande hicho kibadilishwe mbele hakijatoboka. Mbao itazamwe nyufa, muhimili upakwe grisi, na mwenye chukudu apime muzigo wake kwenye muteremuko sawa tulivyosema. Umbo lake kubwa linadanganya: kwa kuwa inaweza kubeba, mutu anafikiri inaweza kusimama.

NENO JUU YA KINGA ZA MAZOEZI

Kati ya wasomaji wetu kuna wenye kukaa mijini na kwenda kwenye sali ya michezo, ambako watu wanaendesha kwa kundi kinga zilizosimama pahali pamoja. Musifikiri kwamba hizo hazina hatari. Gurudumu lake ni zito sana, na katika nyingi linafungana na pedali: ukiacha kukanyaga, lenyewe linazungusha miguu yako. Kwa hiyo, mbele ya kupanda, tafuta kitufe ao mukono wa kusimamisha na uujaribu. Rekebisha kiti kwa kisigino sawa tulivyoeleza. Kwa wenye kununua kinga hizo kwa ajili ya kundi: chagua zenye kiti na usukani vinavyopanda na kushuka, ili murefu na mufupi wapate kipimo chao, na zenye vipande vinavyoweza kupatikana. Na jasho ni maji ya chumvi: pangusa kinga kila mutu akishuka, la sivyo kutu itakula sikurubu za usukani sawa inavyokula nyuzi za kinga ya samaki.

KARATASI YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila siku, mbele ya kuondoka: kaza freni mbili na sukuma, bonyeza mipira ya magurudumu, tikisa muzigo, tazama kama kuna kamba inayoning'inia.

Kila jioni, kisha kubeba samaki: maji safi, kitambaa kikavu, tone la mafuta.

Kila juma: tazama unene wa mipira ya freni, gonga nyuzi za magurudumu, kaza njugu za magurudumu, za usukani na za kibebeo, tazama shingo ya uma kama kuna ufa.

Kila mwezi: pima shene kwa rula, pangusa vumbi katika viungo vya freni, tikisa gurudumu na pedali ili kujua kama gololi zimelegea.

Kila mwaka, kisha mvua kubwa: mupe fundi afungue magurudumu na shingo, aoshe gololi, atie grisi mpya.

Ndugu msomaji, mipira ya freni na kamba ya freni ni kati ya vitu vya bei ndogo katika kinga nzima. Ukiwa na feza ya kitu kimoja tu mwezi huu, usinunue kengele, wala kiti kipya, wala rangi. Nunua freni. Nyumbani wanangoja samaki na unga, lakini zaidi ya hivyo wanakungoja wewe.

PIMA FRENI, KISHA PAKIA.